Mbege kwa Ndizi, Ndizi kwa Mbege

Jumatatu, 12 Desemba 2005
Ukatibu wa ukoo uko wazi. Nautaka. Katibu huketi na wazee na hukatiwa kidari, nyama ya heshima. Mpinzani ni mmoja tu: binamu Denis, na daftari lake la jalada gumu.

Baba Mkubwa Hosea ametoa mtihani. Kikao ni tarehe 27, Kibosho. Nyumba thelathini na nane zibadilishane zamu: waliopika mbege, pombe yetu ya kienyeji, mwaka jana walete ndizi, walioleta ndizi wapike mbege. Denis aliomba siku nne aandike orodha. Nikasema kesho saa sita mchana. Kompyuta! Denis akauliza kama hiyo kompyuta nayo inakunywa.

Jumanne, 13 Desemba
Internet cafe ya Amandeep, Mawenzi. Orodha ya mwaka jana ninayo: kila nyumba herufi moja, M ya mbege au N ya ndizi. Nikaandika programu ya PHP, amri moja, str_replace: N iwe M, M iwe N. Amandeep akachungulia. "Melkior, ndugu yangu, tumia strtr. Hiyo inaigusa kila herufi mara moja tu." Nikamjibu kwamba str_replace ina jina refu zaidi, bila shaka inajua zaidi.

Kila nyumba nimeichapia karatasi yake. Nikatia kwenye bahasha, nikafunga kwa gundi. Kuzisoma? Mashine haisinzii.

Jumapili, 18 Desemba
Bahasha zimegawiwa baada ya misa. Hakuna aliyelalamika hata mmoja! Shangazi Theodora, aliyeleta ndizi mwaka jana, alifungua yake, akacheka, akaificha haraka ndani ya kanga. Kazi yangu inapendwa.

Jumapili, 25 Desemba
Mama ameuliza mbona mwaka huu hakuna nyumba inayonuka mbege. Nikaenda kwa Shangazi. Shikamoo, marahaba, umeshapika? "Nipike nini, mwanangu? Umeniandikia ndizi tena!" Kwa jirani: ndizi. Nyumba ya tatu: ndizi. Mbege inataka wiki nzima. Kikao keshokutwa.

Jumanne, 27 Desemba
Mikungu thelathini na saba. Mbege hakuna. Wazee wameshika kata tupu. Baba Mkubwa hakunifokea. Alinitazama kama anavyotazama mbuni wa kahawa wenye ugonjwa wa chulebuni.

Kisha pikapu ya Denis, mapipa mawili ya mbege! Bahasha yake hakuwahi kuifungua. Alifuata alichoandika kwenye daftari siku ile ya kwanza. Kata ya kwanza akampa Baba Mkubwa, ya pili akaniletea mimi. "Kunywa, kaka. Ndizi zako zitatufikisha Pasaka."

Katibu ni yeye. Kidari ni chake. Akanikatia kipande. Nilitamani kiwe kigumu. Kilikuwa laini.

Jumatano, 28 Desemba
Denis anataka msaidizi. Mimi! Wazee wameamua zile zamu zirudiwe Pasaka, safari hii sawasawa.

Amandeep amenieleza. Amri iligeuza kwanza N zote zikawa M, kisha ikazigeuza M zote, mpya na za zamani, zikawa N. Akataja tena strtr yake. Nimemwelewa kabisa. Kosa lilikuwa kuanzia na N.

Nimeanzia na M: kwanza M zote ziwe N, kisha N zote ziwe M. Nikakagua nyumba moja, ya Denis: mbege. Sahihi!

Nyingine zote nimeshazitia kwenye bahasha. Gundi inakauka.