Ombi Langu la Kuandikishwa Kuwa Spika

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa magari,

Salamu nakupa, maana nimelelewa. Zikishafika, kaa vizuri, nina neno na wewe.

Juzi juzi mliandika jinsi ya kuongeza besi kwenye gari kwa usalama. Mjukuu wangu, dereva wa teksi ninayeishi naye, ameukata ukurasa huo akaubandika kwenye dashibodi. Kila jioni anaegesha chini ya dirisha langu, anafungua buti lenye spika kubwa kama pipa, anafuata maneno yenu kama sala. Mwandiko huu ukiuona umepinda, usiseme bibi hajui kuandika. Darasa la tatu nilimaliza. Meza ndiyo inayotetemeka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmesema kitufe cha besi kisipite nusu, spika isije ikaungua. Sawa. Nusu hiyohiyo inaniangushia vikombe kutoka kabatini. Usalama mlioandika ni wa spika. Wa bibi uko ukurasa gani?

2. Mmesema spika ikianza kukwaruza, ipunguzwe mara moja. Mimi kifua kinakwaruza tangu mwezi uandame. Nakohoa mpaka jirani anagonga ukuta kuuliza kama bado nipo. Mjukuu anasikia? Thubutu! Ila spika ikikohoa mara moja tu, anaruka kama mama aliyesikia mtoto kaanguka.

3. Mmesema ikipata moto ipumzishwe. Basi huipapasa kwa kiganja, taratibu, akiiuliza, "Vipi, mama?" Mama! Paji langu la uso linaweza kuchemsha chai, hajaligusa. Na usinitolee methali ya mwana umleavyo. Adabu nilimfunza mimi. Nyinyi ndio mliomwonyesha njia ya kuipeleka kwenye buti.

4. Mmesema fyuzi ikae karibu na betri, ili hatari ikija, iungue yenyewe na vitu vya thamani vipone. Hapo nilifikiri sana. Nyumba hii, fyuzi ni mimi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, gazeti litangaze kwamba mimi pia ni spika. Sitaki makubwa. Nikikwaruza, nipunguziwe. Nikipata moto, nipumzishwe. Nifutwe vumbi kwa kitambaa laini, na nisiwekewe mizigo juu. Ikibidi nilale kwenye buti ndipo nitambulike, nileteeni godoro.

Wasalimie wote hapo ofisini, wanaoandika na wanaofagia, na yule aliyechora picha ya spika mwambie kaipendezesha mno, ndiyo maana watoto wanachanganyikiwa.

Ni mimi, nisiyeomba radhi,
Bibi wa dirisha linalocheza

Nyongeza: Barua hii nilimsomea mjukuu kabla ya kuituma. Akaona haya, akanipeleka zahanati kwa hicho kikohozi, nimekaa kiti cha nyuma na muziki unaunguruma. Mhariri, besi ilipopita kwenye kiuno changu, kiuno kilichoshinda dawa zote za kuchua, kililegea chote! Nikamwambia, "Ongeza!" Akanijibu, "Bibi, gazeti limesema mwisho nusu." Nikamwuliza, gazeti lina kiuno? Akakataa katakata. Sasa andika upesi, kwa herufi kubwa, kwamba hiyo nusu ilikuwa makosa ya mpiga chapa. Kesho tunarudi zahanati, nami nataka nifike huko nikiwa nimeshapona.