Gurudumu Kwenye Kiti cha Baba

Leo nimeaibika mbele ya wakwe, jamani, na aibu yenyewe ilikuwa na spoki na tairi.

Nianze mwanzo, maana mkisikia mwisho peke yake mtadhani nilikuwa nimelewa. (Sikulewa. Ingekuwa afadhali.)

Leo mdogo wangu Riziki alikuwa anaposwa. Wazazi wetu walishakufa, mnajua. Mimi ndiye mkubwa, niliyeacha shule nikashika pikipiki ili tule. Kwa hiyo mimi ndiye niliyetakiwa kukaa kwenye kiti cha baba na kuwapokea wageni. Kitu kimoja tu nilikiogopa: wakwe waone nyumba ya yatima haina mtu mzima, wageuze njia, na Riziki abaki analia.

Asubuhi ilibidi niende Katanika kumchukua mjomba. Kwetu, bila mjomba hakuna mazungumzo. Lakini gurudumu la mbele lilikuwa linayumba na kulia kama mbuzi. Beringi zimekufa (sisi hapa tunaziita rulema). Mpya nilikuwa nazo, zimelala tangu jana kwenye friji ya jirani yetu Mama Chausiku, katikati ya samaki wake wa kuuza, maana rulema ikipata baridi inasinyaa kidogo na kuingia bila ugomvi.

Niite fundi? Hapana. Nikajiambia: kazi ndogo hii, naifanya hapa uani, namfuata mjomba, naoga, nakaa kwenye kiti.

Na niliifanya vizuri! Naomba hilo likumbukwe. Nikafungua gurudumu, nikapasha kitovu chake juu ya makaa. ("Yaya, hiyo mbabula ni ya kupikia wakwe!" Riziki akapiga kelele. Kwetu "yaya" ni kaka mkubwa, na mbabula ni jiko la makaa.) Nikapitisha chuma upande mmoja, nikagonga rulema ya upande wa pili mpaka ikaanguka. Nyundo ikateleza mara moja tu, ikanipiga kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Nikaruka, nikatukana kimoyomoyo, nikaendelea. Hata kile kibomba kinachokaa katikati ya rulema mbili, ambacho wengi wanakisahau, nilikirudisha. Rulema mpya zikakaa. Safi kabisa.

Sasa, aliyenifundisha kazi alisema rulema haijaribiwi kwa macho. Unaingiza kidole kwenye tundu, unazungusha, unasikia kama inakwaruza. Nikaingiza kidole. Kilekile cha nyundo. Kilikuwa na grisi, kikapita mpaka mwisho. Nikazungusha. Laini! Nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Nikavuta kidole.

Kidole kikakataa.

Nikavuta tena. Kilikuwa kinavimba mle ndani, nakisikia. Nikaita Riziki. Akaja na sabuni, akamwaga maji, akashika tairi, akavuta. Likaja gurudumu, na mimi nikaja nalo.

"Yaya, legeza kidole!"

"Nikilegeze vipi? Sijui hata kama bado ni changu!"

Mama Chausiku akachungulia juu ya ukuta. "Eee, Papa! Wewe na gurudumu mumeoana? Na bila kutualika?"

Kabla sijamjibu, pikipiki ikasimama mlangoni. Mjomba! Amevaa koti, amekodi dereva mwingine, na hasira imemjaa.

"Nimekungojea mpaka nimechoka! Na wakwe wako kwenye kona wanakuya!" Halafu akaona. "Njo nini hii?" (Kwetu "ndiyo" na "ndiye" ni "njo".)

"Mjomba, kidole kimekwama."

"Basi kitoe!"

"Mjomba. Kimekwama."

Nyimbo zikasikika barabarani. Mjomba akanisukuma ndani, akanikalisha kwenye kiti cha baba, na Riziki akalitupia gurudumu kitenge cha marehemu mama. Nikaonekana mwanaume mwenye mimba ya tairi.

Wakaingia. Baba wa kijana, mzee mrefu mwenye kofia, akaja moja kwa moja kunisalimu. Akanyoosha mkono wa kulia.

Nikampa wa kushoto.

Nyimbo zikakatika. Kumpa mkwe mkono wa kushoto ni kama kumtemea mate. Mzee akaurudisha mkono wake taratibu. Shangazi wa kijana, mama mnene, akanong'ona kwa sauti ambayo hata kuku walisikia: "Huyu njo baba wa nyumba?"

Nikamwona Riziki nyuma ya pazia. Macho yamejaa maji.

Basi nikavuta kitenge. Niliona heri waone gurudumu kuliko waone dharau.

Wote wakainama kulitazama. Mwishowe msemaji wao, bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, akasimama. "Papa, tumeposa Mpala, tumeposa Moba. Gurudumu hatujaliona bado. Katika ukoo wenu lina maana gani?"

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Mjomba akanikanyaga mguu.

"Njo mila yetu," akasema bila kupepesa macho. "Binti wetu haendi kwa kusukumwa, anaenda kwa mwendo wake. Baba yake anashika gurudumu mpaka mumulipe jogoo."

"Aaaa!" wakaitikia wote, wakapiga makofi. (Huyu mjomba anasoma masomo kanisani kila Jumapili.)

Jogoo akaletwa. Mzima, mwenye hasira. Na kwetu jogoo wa posa anapokelewa kwa mikono miwili. Nikapokea. Jogoo akaingiza mguu kwenye spoki, akapiga mabawa, gurudumu likaanza kuzunguka, nikavutwa nyuma, kiti kikapinduka. Nikajikuta chali, miguu juu, jogoo kifuani, na gurudumu linazunguka juu ya uso wangu kama feni. (Halikwaruzi hata kidogo, kwa taarifa yenu.)

Mzee mwenye kofia alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Shangazi ndiye aliyepiga magoti. Akaomba mafuta ya mawese na uzi, akakizungushia kidole uzi, akamimina mafuta, akavuta polepole. Kidole kikatoka, cheusi kama ndizi iliyooza.

"Na shangazi wa bwana harusi njo analifungua gurudumu," mjomba akasema haraka.

"Hata kuanguka ni mila?" msemaji akauliza.

"Hata kuanguka."

Shangazi akanifuta mkono kwa kitenge chake mwenyewe. "Nimeuliza kama wewe njo baba wa nyumba," akasema. "Sasa nimeona. Mutu anayeng'ang'ana hivi, dada yake tunamuchukua."

Posa imekubaliwa. Riziki anacheka tangu mchana, anashindwa hata kuosha vyombo. Ningefurahi na mimi. Ila wakati wa kuaga, yule mzee amemshika mjomba mkono na kumwambia kwa heshima zote kwamba hajawahi kuona mila nzuri kama hii, na siku ya mahari atakuja na ndugu zake wengine walione gurudumu. Mjomba amekubali. Amesema mila ya ukoo haivunjwi.

Tafadhali msicheke. Nina wadogo wengine wawili wa kike.