Makalio Kumi na Moja ya Omori

Kanroku alikuwa hajala tangu juzi, lakini koti la hariri alikuwa nalo. Si lake. Alilikodi mjini Edo kwa mzee mmoja mpole sana, ambaye mteja akichelewesha nguo humjulia hali, kisha humvunja mbavu. Koti lilitakiwa jioni hiyohiyo.

Pale ufukweni Omori bahari ilikuwa imekupwa, wanawake kumi na moja wameinama wanachimbua chaza. Kanroku akatazama picha aliyoiokota njiani. Akawatazama wanawake. Mbona ni walewale! Njaa ikampa akili.

"Mama zangu, poleni na kazi. Na poleni na haya." Akaipunga picha. "Makalio kumi na moja, uso hata mmoja hakuna. Ubao uliochongwa wa kuchapia ninao mimi. Kesho zinachapwa mia mbili, Edo nzima icheke."

Mmoja akajishika nyuma, eti anaficha.

"Uwii, na wakwe zangu wako huko!" akalia Bi Tsune, mkubwa wao. "Baba, huwezi kutufuta?"

"Kufuta ni kukwangua mti, mama. Na mchongaji ana njaa, maskini." Alimhurumia mchongaji mpaka tumbo likanguruma.

"Mimi msinifute," akasema Bi Yone. "Nipunguzeni tu."

"Wewe ukipunguzwa, picha itabaki bahari tupu!" akadakia mwenzake.

Wakacheka, wakanong'onezana, wakaenda nyumbani, wakarudi wanaburuta pipa. Kanroku akafunua: pweza wa chumvi. Akainua: zito kama dhambi.

"Ila koti tuachie, mwanangu," akasema Bi Tsune, "mpaka utuletee huo ubao tuuchome wenyewe."

Pipa zima la pweza linanunua makoti matatu. Kanroku akavua.

Alifika kwake mgongo umepinda. Pweza walikuwa wawili, wa juu. Chini yao mawe, kila moja limefungwa vizuri kwa karatasi, na kila karatasi ni picha ileile.

Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo hata mtoto wa Edo analijua: picha zikishachosha macho, wauza chumvi huzitumia kufungia chumvi. Omori walikuwa wanaletewa makalio yao mwaka mzima.

Kwenye karatasi ya mwisho mtu alikuwa amechora kwa masizi. Nyuma ya wanawake, mwanaume asiye na koti, pipa mgongoni, ameinama kuliko wote. Pembeni pameandikwa: "La kumi na mbili."

Mlango ukagongwa.

"Kanroku, mwanangu," sauti ya upole ikauliza, "hujambo?"