Fundi Ambaye Mafua Hayamjui

Jumatatu, 3 Juni
Nina bahati ya mtende! Karakana nzima ya ushonaji inapiga chafya, mimi mzima kama chuma. Mafua hayanijui. Na hivi Bi Mkubwa, mwenye karakana, anatafuta msimamizi wa kazi ya majoho ya kwaya. Mpinzani wangu Pasi (kaitwa hivyo kwa kuwa kakulia kwenye pasi) yuko hoi, anapenga kamasi tu. Mja ataka nini tena?

Mpango: nionekane nafaa kila mahali. Macho yangu ni ya mwewe, basi nawatungia wote sindano. Nalamba ncha ya uzi, nasokota, mara moja tu, ndani! Nimezunguka meza hadi meza. Hata Babu Vifungo, baba yake Bi Mkubwa, anayeshona vifungo pale pembeni, kanibariki. Kasema mjukuu huyu mate yake yana baraka.

Pasi akaniuliza mbona na mimi nakohoa. Nikamwambia ni vumbi la pamba, usiniloge bwana!

Jumanne, 4 Juni
Pasi hakuja. Katuma salamu yuko kitandani. Mwoga! Fundi anakimbia kamasi? Nimemsema kwa Bi Mkubwa, kwa upole, kindugu. Kiti cha msimamizi nakinusa kabisa, ingawa pua imeziba.

Alhamisi, 6 Juni
Babu Vifungo kaanguka. Jana kikohozi, leo kifua kinavuta kama mvukuto, midomo ya kijivu. Sikungoja mtu. Nimembeba mgongoni hadi zahanati, naye kwa pumzi ile ile iliyobaki ananisuta kwamba natembea kama punda mwenye mawazo. Wamemwekea mpira wa oksijeni puani. Bi Mkubwa kakaa kashika kiatu kimoja cha baba yake. Ee Mola, mzee huyu asiende.

Ijumaa, 7 Juni
Muuguzi kanieleza, na kichwa changu hakijatulia. Kumbe kirusi cha mafua si mdudu! Hakina mdomo, hakina tumbo, peke yake hata kuzaana hakiwezi. Nikauliza sasa kinaangushaje watu wazima. Akauliza kazi yangu. Fundi cherehani, nikajibu, tena bingwa. Akasema basi, kaka, kirusi ni kama kiolezo, ile karatasi mnayokatia nguo, ila kimevaa koti. Kinaingia ndani ya chembe hai ya koo, kinatandaza karatasi yake mezani, na ile chembe inaacha oda zake zote inashona virusi tu, maelfu kwa maelfu, mpaka inakufa kwa kazi! Vile vipya vinatoka na chafya, na kikohozi, na mate, kutafuta karakana nyingine.

Nilibaki kinywa wazi. Akaniambia nikifunge.

Lakini jamani! Miaka yote hii nahangaika kuteka karakana moja, na nimeshindwa. Kitu hiki, ukivipanga elfu kwa mstari havijazi upana wa uzi mmoja, kinateka makoo ya mji mzima bila mkono, bila maneno, bila hata kununulia mtu soda. Nilivua kofia.

Kisha akauliza kazini tunashirikiana nini. Nikamsimulia habari ya sindano, kwa fahari. Akaniangalia kama nguo iliyokatwa upande. Nikamwangalia Babu pale kitandani, nikaishiwa utani.

Jumapili, 9 Juni
Babu anapumua mwenyewe! Neno lake la kwanza: nani kapinda shuka hili, akatwe mkono. Nimelia mbele za watu, sioni haya.

Bi Mkubwa kamteua Pasi. Eti ndiye pekee aliyekuwa na akili ya kubaki kwake.

Jumatatu, 10 Juni
Muuguzi kaniamuru nikae nyumbani mpaka homa iishe. Naandika haya karakanani, nyuma ya majoho. Pasi kapona, karudi kazini, ila hajaniona. Wacha aone kazi inavyopangwa! Uzi wa mtu silambi tena, nimekwisha elimika. Nimebuni njia safi: kikombe changu cha chai nimekiweka katikati ya meza, kila fundi achovye uzi wake humo. Haiwaunguzi. Nimeionja.

Na ile bahati ya Jumatatu iliyopita? Uongo. Homa nilikuwa nayo tangu Ijumaa ya kabla yake.