Kuku wa Utafiti na Huruma ya Mama Mkwe

Wenzangu, leo nimepatikana. Tena mbele ya watu wawili ambao sikutaka kabisa wanione nikipatikana.

Mnajua utafiti wangu wa kuku hapa Ifakara. Nawachoma sindano ya homoni, ile inayojaza mafuta kwenye damu. Kisha nusu yao nawachanganyia vitamini kwenye chakula, tuone kama mafuta yatapungua. (Ndiyo, nilisoma miaka yote ile ili nipime mafuta ya kuku.) Sharti ni moja: kabla ya kutoa damu, kuku walale njaa. Wakila tu, vipimo vimeharibika.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya damu. Bosi wangu alikuwa anakuja kutoka Morogoro kuamua kama nafaa kuendelea na kazi.

Sasa jana akaingia mama yake Rosalia, mchumba wangu, kutoka Mahenge. Amekuja kunitazama. Ukoo mzima unasubiri neno lake. Amefikia kwa dada yangu, ambako naishi, na banda la kuku liko uani hapo hapo.

Asubuhi nikaoga, nikavaa koti jeupe. (Nilipendeza, jamani.) Nikamwamkia mama macho chini, kama mkwe anavyotakiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hao kuku wamelia tangu alfajiri. Nimewapa kiporo chote cha wali. Hata Kwaresma kuku hafungi."

Vipimo vyangu kwisha. Lakini mama mkwe hafokewi. Nikasema, "Asante mama."

Kabla sijajua la kufanya, bosi akapiga hodi. Nikamkaribisha chai, akakataa. Akaenda moja kwa moja bandani, akamshika kuku mmoja, akambonyeza shingoni pale chakula kinapokaa.

"Kijana, huyu ameshiba."

Akamshika wa pili. Huyo alikuwa na punje za wali mdomoni.

"Nani kawalisha?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Nikimtaja, nimemwaibisha mkwe mbele ya mgeni, na Rosalia simpati tena. Nisipomtaja, kazi inaota mbawa.

"Mimi, mzee."

"Wewe? Kwa nini?"

"Walikuwa wanalia. Nikawaonea huruma."

Bosi alicheka hadi akavua miwani. Mtafiti mwenye koti jeupe, kashindwa na kilio cha kuku! Nilitamani kuingia bandani nifunge mlango kwa ndani.

Mama akaweka ufagio chini. "Baba, usimcheke. Asiyevumilia njaa ya kuku, binti yangu kwake hatalala njaa. Kesho narudi Mahenge kuwaambia wajiandae."

Alijua nimemfichia. Nilimpenda mama yule pale pale. Bosi akafuta machozi, akasema nirudie kutoa damu wiki ijayo, na usiku wa kuamkia siku hiyo banda nilifunge kufuli.

Basi msinicheke. Atakayecheka, siku ya harusi nitampikia hawa wa sindano.