Sultani Atafika Mzenga Kabla ya Adhuhuri

Jumapili, 10 Agosti 2025. Mkuza, Kibaha.

Kikao cha familia sebuleni kwangu. Ajenda moja: posa ya Ally, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Binti ni Firdausi, wa Mzee Pazi, kule Mzenga. Mzee Pazi ametuma neno. Barua ya posa ifike Jumamosi kabla ya adhana ya adhuhuri. Alasiri anapokea watu wengine wenye nia hiyohiyo. Tukichelewa, basi.

Binamu yangu Bilali akasema tutakwenda na bajaji yake. Bajaji! Nilikuwa karani wa mizani ya maroli miaka ishirini na sita. Chombo kisicho na uzito hakina heshima. Nikasimama. Nikatamka kwamba ukoo huu hautaingia Mzenga kwa magurudumu matatu. Tutakwenda na gari langu, Sultani.

Dada yangu Maulida akauliza kama ni Sultani yuleyule ninayesema kila siku kwamba hawaki. Nikamjibu kwamba gari ni langu, na kuwaka kwake najua mimi.

Niweke kumbukumbu sawa. Sultani yuko chini ya turubai tangu Juni mwaka jana kwa sababu nilichoka. Kliniki, misiba, magunia ya mihogo ya mama mkwe wa mtu. Kila ndugu na safari yake. Nikabuni mbinu. Asubuhi ya msiba wa kijijini Marui gari likagoma mbele ya mashahidi saba. Wote tukapanda basi. Tangu hapo kila aliyeomba nilimjibu sentensi moja: "Gari haliwaki, ndugu yangu, tumwachie Mungu." Baada ya miezi miwili hakuna aliyeomba tena. Kazi safi.

Saa kumi na moja jioni nimefunua turubai. Nimeingiza ufunguo. Tk. Nimerudia. Hata tk haikuwepo.

Jumatatu, 11 Agosti

Betri. Ni jambo dogo. Nimeifungua mwenyewe, kidole kimoja kimeumia. Nimeiweka kwenye toroli na kuifunika khanga ya mke wangu ili mtaa usijue.

Nyumba ya tatu nikakutana na Shigela. Huyu ni jirani, Msukuma, na sisi Wazaramo ni watani wao. Kwa hiyo hana adabu na anaruhusiwa. Akauliza nimebeba mgonjwa gani. Nikasema unga wa sadaka. Akafunua khanga. Akatangaza kwa sauti ya mnadani kwamba Wazaramo siku hizi wanatoa betri sadaka. Wanawake waliokuwa kisimani wakacheka. Sikugeuka.

Betri imebaki kwa fundi wa chaji. Kesho Sultani atanguruma.

Jumanne, 12 Agosti

Betri imerudi. Nimewasha. Injini imezunguka vizuri, kwa nguvu, kama mtu anayekohoa bila kutoa neno. Haikushika. Mara kumi na moja, nimehesabu.

Nimegundua tatizo kabla ya mtu yeyote: petroli imelala miezi kumi na minne, imechacha. Nimeinyonya kwa mpira. Kiasi kimeshuka tumboni. Nimeweka petroli mpya. Haikushika.

Mke wangu, Mwanamkuu, amenikataza kukaribia jiko. Amesema pia kwamba chakula changu kitaletwa uani.

Ally alikuja jioni. Shikamoo, marahaba. Akasema Firdausi amempigia. Wale wa alasiri wanakuja na gari mbili na zote zinawaka. Baba mkubwa, akasema, tupande tu bajaji, mimi nataka mke, sitaki msafara. Nimemwambia mke anayepatikana kwa bajaji atadharauliwa miaka yote. Kijana ana haraka. Sio kosa lake, hana baba.

Jumatano, 13 Agosti

Kusukuma. Njia ya kale, haijawahi kushindwa.

Nimempigia Bilali aje na nguvu zake. Akavuta pumzi. Kisha: "Gari haliwaki, ndugu yangu, tumwachie Mungu." Akakata.

Nimempigia Maulida. Sentensi ileile, kwa utulivu uleule. Nimewapigia wengine wanne. Ukoo mzima umeikariri. Binamu mmoja aliongeza kwamba yeye ndiye aliyebeba jeneza la Marui kwenye basi la kukodi, kwa hiyo mabega bado yanamuuma.

Aliyekuja ni Shigela, pamoja na wanaume watano kutoka baraza la kahawa. Kabla ya kusukuma akadai haki ya mtani: Jumamosi atakaa kiti cha mbele. Nikakubali kwa kuwa nilikuwa tayari nimeshika usukani.

Tumeshuka mteremko mita mia moja na arobaini. Upepo ulikuwa mzuri. Gari halikuwaka. Limesimama mbele ya msikiti, saa sita na robo, watu wakiingia kuswali. Imamu alinipa pole. Nikamwambia nimelileta hapa makusudi, lipate kivuli.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwita Evaline, fundi umeme wa magari. Msichana mwenye maneno machache na bisibisi nyingi. Akauliza nani alisukuma. Nikasema sita, chini ya uongozi wangu. Akasema gari la gia otomatiki halishtuliwi kwa kusukumwa, hata wasukume mia. Uzito wake ni kilo elfu moja na themanini, na lilisogea. Hilo ndilo muhimu.

Akafungua kisanduku cha fyuzi. Akatazama. Akauliza nani ametoa rilei ya pampu ya mafuta. Ni kidude cheusi, nusu ya kiberiti, akasema, na bila hicho petroli haifiki kwenye injini hata umimine pipa.

Nikasema panya. Akauliza panya gani anafungua kifuniko, anatoa rilei moja, anarudisha kifuniko na kubana klipu zote mbili.

Hapo nikakumbuka mbinu yangu.

Niwe mkweli, shajara ni yangu. Niliitoa mimi, asubuhi ya msiba wa Marui, kabla mashahidi saba hawajaamka. Nikaiweka mahali salama. Mahali salama sana. Nimekaa juu ya boneti robo saa nikijaribu kupakumbuka. Si kwenye kopo la iliki. Si chini ya godoro. Si ndani ya redio mbovu. Mtu mwingine angepakumbuka upesi, kwa kuwa angeficha ovyo.

Evaline hakungoja. Akachomoa rilei ya honi, inayofanana nayo, akaipachika kwenye nafasi ya pampu. Akaniambia niwashe.

Sultani amenguruma! Shigela alipiga mluzi. Imamu alitoka nje. Nimesimama kando ya gari mkono kiunoni kwa dakika nne.

Masharti ya Evaline, neno kwa neno: "Huna honi. Betri imechoka, itawasha mara moja tu. Mzee, usizime injini mpaka ufike Mzenga. Ukizima njiani, umelala hapo."

Kuingia kwenye posa bila honi ni kama kuingia bila viatu. Lakini nimevumilia.

Shigela aliuliza hiyo rilei ya kwanza ilikwenda wapi. Nikasema wezi. Akanitazama kwa muda mrefu usio wa lazima.

Ijumaa, 15 Agosti

Mwanamkuu amenyoosha kanzu na kulikung'uta koti langu la sherehe. Evaline ameichaji betri tena. Ally ameniomba niahidi kwamba gari likikwama nitapanda bajaji ya Bilali, ambayo itatufuata nyuma na sinia za mahitaji. Alikuwa na machozi, ingawa alisema ni vumbi. Nimeahidi kwa kutikisa kichwa. Kichwa hakiapi.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika haya nikiwa nimeshiba.

Saa mbili na nusu asubuhi Sultani aliwaka kwa jaribio la kwanza. Mimi kwenye usukani, Shigela mbele kwa haki yake, Maulida nyuma na barua ya posa mapajani. Bilali na bajaji yake walikula vumbi letu tangu Mlandizi. Barabara mbaya, dereva mzuri. Tulisimama mara tatu kupisha ng'ombe, injini ikiwa hai.

Saa tano na dakika ishirini na tano tulikuwa mita mia nne kutoka kwa Mzee Pazi. Nikatazama boneti. Nyekundu kwa vumbi! Wale wa alasiri wangekuja na gari safi. Nikasimama. Nikatoa kitambaa. Na kwa mazoea ya miaka thelathini, mtu anaposhuka garini huzima.

Nikazima.

Shigela alishika kichwa. Maulida alisema jina la Mungu. Mimi nikafuta boneti, vioo vyote na taa za nyuma, kwa sababu ndicho nilichoshukia. Nikaingiza ufunguo. Tk.

Saa tano na arobaini. Bilali akafika, akashuka, akafungua mlango wa bajaji. Maulida akaanza kuingia. Nikamkamata mkono. Nikasema tutaingia na Sultani au hatuingii. Maulida akaniambia kaka, mtoto wa marehemu anapoteza mke kwa ajili ya kitambaa cha kufutia. Maneno makali mbele ya watu.

Kumbe Shigela ana dada pale jirani, Holo, mfugaji, mwenye mafahali wanne wa kulimia. Akampigia. Holo akaja na mafahali, nira na minyororo. Akazunguka gari mara moja, akauliza ni jembe la aina gani. Kisha akafunga.

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwa Mzee Pazi saa sita kasoro dakika mbili. Mafahali wanne mbele, Holo akiwaongoza kwa Kisukuma, boneti inang'aa, mimi kwenye usukani nikipunga mkono. Uwanja mzima ulisimama. Vigelegele! Hakuna aliyekumbuka honi. Mzee Pazi aliuliza maana yake. Nikasema ni heshima: gari linalojiendesha lenyewe huletwa na mtu yeyote. Akatikisa kichwa. Nadhani alivutiwa.

Tukakaa mkekani. Nikasalimu, nikataja nasaba, nikaeleza nia. Kwa sauti. Maulida alikuwa amenipa barua mlangoni nikaitia mfuko wa ndani wa koti. Nikaingiza mkono, nikaitoa kwa kishindo kidogo cha sherehe, nikaiweka kwenye sinia.

Kitu kikaanguka na barua. Cheusi. Nusu ya kiberiti.

Koti hili mara ya mwisho nililivaa kwenye msiba wa Marui.

Mzee Pazi akakiokota, akauliza kama ni sehemu ya mila. Nikasema ndiyo. Lakini Shigela ni mtani, na mtani posani hafungwi mdomo. Akasimama akaeleza yote: rilei, pampu, panya, wezi, mashahidi saba. Alieleza kwa ufundi, hata mimi nilisikiliza. Bilali alilala chali. Maulida hakucheka. Alinitazama akasema polepole: "Na shangazi zetu walisimama kwenye basi hadi Marui."

Nikaisogeza barua katikati ya sinia.

Mzee Pazi aligeuzageuza rilei kiganjani. Adhana ikaanza. Kisha akasema kwamba familia inayoweza kufika na gari bovu, mafahali wa jirani na aibu yake mkononi, ikafika kabla ya wakati, haitamtupa binti yake njiani. Posa imepokelewa. Faini ya baba mkubwa kwa kuficha gari: harusi ya Novemba, Sultani abebe bibi wa Firdausi na shangazi wote wa pande mbili, wiki nzima.

Maulida alimpigia Ally. Nilisikia kelele zake simuni kutoka upande wa pili wa mkeka. Ni mimi niliyemfikishia posa yake. Hilo limeandikwa sasa.

Jumapili, 17 Agosti

Evaline alikuja Mzenga jana jioni na betri mpya, tukarudi vizuri. Ameipachika rilei ya Marui kwenye nafasi ya honi. Honi ni tamu. Niliipiga mtaani mara tisa.

Kosa. Kufikia saa nne asubuhi Bilali ameomba gari kumpeleka mama mkwe kliniki. Maulida, kwenda Marui kuomba radhi kaburini, na mimi ndiye dereva. Holo, kwa simu kutoka Mzenga, anataka kupeleka ndama kwa daktari. Shigela anasema kiti cha mbele ni chake sasa, kimila.

Nimewapa wote waliofika chai. Nimetoka uani kwa dakika tatu. Nimerudi, tukaenda pamoja hadi garini, nikaingiza ufunguo mbele ya mashahidi wanane. Injini ikakohoa, haikushika. Nikawaambia ndugu zangu, gari haliwaki, tumwachie Mungu.

Safari hii nimechomoa rilei zote mbili. Na si kwenye koti, mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimeziweka mahali salama zaidi, zitakaa hapo mpaka Novemba. Mahali penyewe sipaandiki humu. Kitu kilichofichwa kwa akili hakihitaji kuandikwa.