Mtani Amelala Juu ya Kidevu

Zege lilikuwa limeshafika nusu ya toroli pale Diwani alipoanza kutusomea gazeti kwa mara ya pili. Aliyeshika chepe ni Thobias, ambaye sisi tunamwita Spana, fundi mitambo aliyepunguzwa kazini kiwanda kilipouzwa. Mwenye gazeti ni Abdi, na tunamwita Diwani kwa sababu hajawahi kugombea ila hotuba anazo. Kijiwe chetu kiko Bigwa, chini ya mteremko wa makaburi. Siku ile kijiwe kizima kilihamia juu.

Gazeti lilisema kampuni moja ya sabuni ya Dar itamjengea Athanas, yule mchekeshaji aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Kidevu, kaburi la vigae vyeupe lenye picha ya sabuni. Basi la wapenzi wake lingefika Jumamosi kuhiji. Gazeti lilimwita msanii aliyesahauliwa.

Spana akauliza aliyemsahau ni nani, maana yeye kila siku anapita hapa na anamsalimia.

Ni kweli kaburi si la kifahari. Ni tuta la mawe ya mtoni tu. Kidevu alikuwa akirudi na mapato ya maonyesho, anayamaliza kwa kununulia watu majeneza. Alipokufa, jeneza aliloliweka kwa ajili yake alikuwa ameshamgawia jirani, tukamzika kwenye mbao za makreti ya soda. Kila nyumba aliyoisitiri ikaleta jiwe moja kutoka mtoni. Tuta likawa hilo, na zege letu lilikuwa la kulifunika kabla ya vigae.

Diwani alieleza kwamba ndiyo mageuzi. "Zama hizi hata maiti lazima ajitafutie mdhamini."

"Mimi niko hai na sijampata," Spana akasema, akaendelea kukoroga.

Mwinjuma alikuwa amekaa pembeni akimtukana marehemu tangu asubuhi. Asimshangae mtu: yeye ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Mluguru kama Kidevu ni mtani. Siku ya mazishi aliingia kaburini kabla ya mwenyewe, akalala, akagoma kutoka mpaka alipokombolewa kwa jogoo. Sasa alikuwa akisema Kidevu alichekesha watu kwa sura tu, vichekesho vyenyewe vilikuwa vibovu.

Mjane, mama Eufrazia, akapanda na birika la kahawa. Tukamwamkia. Alitazama kamba tuliyopimia, kisha jiwe ambalo Spana alikuwa amelisukuma pembeni kupata nafasi. Akaliokota, akalifuta kwa khanga.

"Hili la kina Hidaya," akasema, akalirudisha mahali pake.

Nikamuuliza kama yeye ameridhika na vigae.

"Mimi ni mke tu, baba. Kaburi ni la ukoo wa mama yake. Wajomba wamekubali."

Kwa Waluguru hapo maneno yamekwisha. Hata Diwani alikunja gazeti. Chepe likarudi kwenye toroli, lakini polepole.

Mama Eufrazia akamimina kahawa. Kikombe cha kwanza hakumpa Diwani, ambaye alikuwa ameshanyoosha mkono. Akampa Mwinjuma.

"Mtani, naona umechoka. Si ulale kidogo?"

Mwinjuma akamtazama. Akanywa bila haraka, akarudisha kikombe, akaenda kujinyoosha juu ya mawe, kofia usoni.

Spana akamwomba asogee, zege linakauka.

"Siondoki mpaka nikombolewe," sauti ikatoka chini ya kofia.

"Jogoo?" Diwani akauliza.

"Jogoo ilikuwa enzi za ujamaa. Sasa ni soko huria, nimepandisha bei. Kila mtu wa kwenye basi apande na jiwe lake kutoka mtoni. Mwenye sabuni abebe la kwake mwenyewe, na liwe kubwa kuliko yote. Vigae akajengee bafu."

Diwani alisema huo ni uhuni. Tukamwambia basi amvute miguu. Hakuthubutu, maana mtani havutwi. Akateremka kwenda kushitaki kwa wajomba. Alirudi jasho linamtoka. Wajomba walikuwa wamecheka mpaka wakakaa chini, wakasema mtani asiguswe, watakuja kesho kumsikiliza, na vigae visubiri.

Spana akalitazama zege lake kwa huruma. Akalisukuma mpaka kwenye njia, pale mvua ilipochimba shimo ambalo mama Eufrazia hulikwepa kila jioni, akalimwaga. Lilijaza nusu. Akasema nusu iliyobaki ataimalizia kesho, akaosha chepe.

Mama Eufrazia alimfunika Mwinjuma miguu kwa khanga, akabeba birika. Tulipokuwa tunashuka tukasikia kofia ikinung'unika.

"Kidevu, sogea huko. Mawe yako yananichoma mbavu."

Nyuma yetu mjane alicheka, birika likagonga vikombe.